Nukta Kumi na Moja

Mpini wa kwanza ulimpata Danstan Kihongosi kwenye taya, na mimi nilikuwa narekodi.

Sifichi kitu. Nilikuwa nimepanda juu ya kreti la soda mbele ya Ubao, ile skrini kubwa ya mji, simu juu, mkono hautetemeki hata kidogo, na moyoni najisikia mtu kati ya watu! Maana ile sura iliyokuwa inawaka kwenye Ubao, kubwa kama mlango wa ghala la mahindi, niliisafisha mimi, Tumsifu Mgaya, kwa vidole hivi hivi. Kila kinyweleo kinaonekana. Nyusi ya kushoto ina mkato katikati, unauona kabisa, kama njia ya panya kwenye nyasi. Na Danstan alikuwa na mkato huohuo. Jembe lilimkata utotoni, hapa Kipengere Mpya kila mtu analijua hilo.

Sheria ya Ubao ni fupi. Mahakama ya mwisho ilifungwa wakati barabara ya mkoani ilipomezwa na maporomoko, mimi bado nanyonya. Tangu hapo, sura ikipanda kwenye Ubao, mwenye sura ana mpaka king'ora cha saa nane ajitokeze mwenyewe. Akijitokeza anavunjwa mkono mmoja, anasamehewa. Asipojitokeza, wanamfuata na mipini ya majembe.

Danstan hakujitokeza. Alisema hawezi kujitokeza kwa kitu ambacho hakufanya.

"Alikuwa na mimi!" Mkewe, Lusungu, alikuwa anapiga kelele, kashikwa na wanaume wawili. "Siku hiyo tulikuwa tunapukuchua mahindi! Muulizeni mama mkwe wangu!"

"Picha haina mkwe, mama!" mtu akamjibu, na watu wakacheka.

Hata mimi nilicheka, jamani.

Mpini wa pili mgongoni, wa tatu sijui ulipiga wapi, walishakuwa wengi mno. Mlio wake si ule wa kwenye sinema. Ni kama mtu anapiga godoro lililoloa. Jino likaruka likagonga kreti langu, tii. Danstan akaanza kutambaa kumfuata mkewe, mkono mmoja unavuta, mwingine umepinda kinyume, akafika nusu ya njia. Hapo ndipo alipoishia. Alikuwa mtu wa tatu kwa mwaka ule. Wote watatu niliwasafisha mimi.

*

Kesho yake saa nne asubuhi Kamanda Sanga akaingia studio ya picha nilikokuwa nafanya kazi, bila kubisha. Huyu ndiye mkuu wa Walinzi, mwanaume mnene, bereti nyekundu, anapumua kwa mdomo. Buti zake zilikuwa na damu mpaka kwenye kamba.

"Kamwene, Mzee," akamsalimia Mzee Luvanda.

"Kamwene, Kamanda." Mzee Luvanda, mwenye studio, alikuwa kwenye kiti chake anashona pazia la nyuma, lile la bluu la picha za vitambulisho. Ana miaka sitini na tatu na anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akitaka kutunga uzi. "Mbona umekuja na damu ndani ya nyumba yangu?"

"Mlinzi wa tanki la maji kachinjwa. Juzi jioni. Kichwa kimebaki na ngozi tu." Akanitupia kadi ya kamera. "Tumsi, nipe sura. Ndugu zake wako pale Ubao, kumi na wawili, wana mipini. Nimewaambia watulie nusu saa."

Nikaifungua. Aisee! Kamera ilikuwa juu ya mlingoti, mita mia nne kutoka kwenye tanki, na siku ile upepo ulikuwa umebeba vumbi la nchi nzima. Kitu kirefu kimeinama juu ya kitu kifupi. Nikavuta karibu, nikahesabu. Uso mzima wa muuaji ulikuwa nukta kumi na moja kwa upana, zile chembe zinazoijenga picha. Kumi na moja! Jicho lenyewe nukta moja na nusu.

Hapa inabidi nikueleze. Aliyenifundisha kazi ni Mama Eneles, marehemu mke wa Mzee Luvanda. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha, mzee alikuwa anafagia na kushona. Njia ya Mama Eneles ni ya zamani: unatafuta pale weusi unapokutana na weupe, kwenye ukingo wa pua, wa kope, wa kola. Upande mweusi unaukoleza kidogo, upande mweupe unaung'arisha kidogo. Basi. Picha inakaza, na hujaongeza kitu ambacho hakikuwepo. Ukizidisha, kichwa kinavaa uzi mweupe kama katuni, ngozi inageuka mchanga wa kujengea. "Ishia pale ambapo mtu bado anapumua," alikuwa ananiambia, huku ananipiga kofi mkononi nikizidisha.

Lakini nukta kumi na moja utazikaza nini? Utapata uji uliokaza.

Kwa hiyo kuna Bibi. Bibi ni mashine, ukubwa wa boksi la viatu, tulimwita hivyo kwa sababu anakumbuka sura za watu wote. Tulimlisha picha zote za studio za miaka thelathini na nne, vitambulisho, harusi, kipaimara. Bibi hakazi, anajazia. Ni sawa na bibi kizee mwenye macho mabovu kakaa kizingitini, anaona kivuli kinapita, anasema, "Aa, huyo mtoto wa fulani." Na Kipengere Mpya nzima ilikuwa inamwamini.

Nikamlisha zile nukta. Akanguruma. Pua ikatokea kwanza, halafu mashavu, halafu mvi. Mvi moja moja, zimekaa vizuri, ngozi ina vitundu vyake, hakuna uzi mweupe, hakuna mchanga. Picha safi kuliko zote nilizowahi kutoa. Nyusi ya kushoto ikajichora, ikakatika katikati.

"He!" Mzee Luvanda alikuwa kanyanyuka, kasimama nyuma yangu na miwani yake miwili. "Huyo si ni mimi? Mbona nimependeza!"

Akacheka. Alicheka peke yake.

*

Bibi akishamaliza, sura inakaa dakika kumi kwangu niikague, halafu inapanda yenyewe kwenye Ubao. Kuifuta kabisa kunataka vidole viwili, changu na cha Kamanda. Kuisogeza, yaani kurekebisha taya, umri, macho, kidole changu kinatosha.

Juzi jioni Mzee Luvanda alikuwa na mimi. Tulimenya viazi hapa hapa, akanisimulia mara ya mia jinsi alivyomtongoza Mama Eneles kwa supu ya kwato za ng'ombe. Hakutoka hata kwenda chooni.

"Bibi kakosea," nikasema.

"Bibi hakosei," Kamanda akasema, ila sauti ilikuwa imepungua.

Nikafungua ghala la picha ili nione Bibi kalitoa wapi jambo hili. Kila folda ina jina la familia. Akina Sanga picha arobaini. Akina Mgaya kumi na nane. Nikashuka, nikashuka, nikakuta folda inaitwa "Mwanga". Picha elfu kumi na mbili na mia nne.

Zote Mzee Luvanda.

Sikuhitaji kuuliza zimetoka wapi. Maana niliijua ile kazi, niliiona kwa macho yangu miaka minne! Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango kwa wateja, Mama Eneles alikuwa anamkalisha mume wake kwenye kiti ili apime mwanga. "Kaa, baba. Usicheke. Haya, cheka." Tap. Kila siku ya Mungu, kuanzia kijana wa miaka ishirini na sita mpaka babu mwenye mvi. Mpiga picha mwingine angefuta. Yeye hakufuta hata moja, alikuwa anampenda. Na sisi tukamlisha Bibi kila kitu, hatukuchambua.

Nikachukua simu, nikapiga picha ya boga lililokuwa kwenye meza, huku naitikisa makusudi mpaka likawa ukungu wa njano. Nikampa Bibi. Sekunde nane tu. Mzee Luvanda, umri kama thelathini, nyusi imekatika, anakaribia kucheka.

"Mungu wangu," nikasema. "Hao watatu."

Picha za wale watatu zilikuwa na nukta nyingi kidogo, kwa hiyo Bibi alichukua taya la kweli, pua ya kweli, na pale alipokwama akajazia kwa mtu anayemkumbuka kuliko wote. Wote watatu walikuwa na mkato kwenye nyusi. Mji mzima ukatoka kutafuta wanaume wenye mkato kwenye nyusi! Na mimi namwona Mzee kila siku, nakula naye, nimemzoea mpaka nyusi yake iliyokatika nilishaacha kuiona.

"Weka kidole, Kamanda," nikamwambia. "Tuifute. Dakika saba zimebaki."

Kamanda Sanga akavua bereti, akajifuta jasho, akaivaa tena.

"Nikifuta lazima niandike sababu," akasema. "Niandike nini?"

"Andika ukweli!"

"Binti, hebu fikiri. Ukisema Bibi anakosea, wale watatu wanakuwa nani? Na walioshika mipini wanakuwa nani? Nusu ya mji huu wameshika mpini. Mimi ninakuwa nani? Wewe unakuwa nani?" Akainama sikioni kwangu. Mdomo ulikuwa unanuka kitunguu. "Mzee wetu hatutaki aguswe. Isogeze tu. Kule bondeni kuna yule mchoma mkaa, Zabroni. Mgeni. Hana mke, hana ndugu, hakuna atakayelia. Sogeza taya, ongeza ndevu. Dakika mbili kazi imekwisha."

Na mimi nikaanza kusogeza.

Sitakudanganya kwamba nilikataa. Kidole kilikwenda chenyewe! Mvi zikawa nyeusi, shavu likabonyea, ndevu zikaota. Ilikuwa rahisi kuliko kumenya kiazi. Zabroni akatokea pale, ananiangalia, na picha ni safi, ngozi inapumua kabisa, Mama Eneles mwenyewe angesifu.

"Tumsi." Mzee Luvanda aliongea taratibu sana. "Huyo ni Zabroni. Msimu wa mvua alituletea mkaa akiwa na homa."

"Mzee, watakuua."

"Najua. Sasa unataka wamuue yeye halafu mimi nikae hapa nikishona pazia?"

"Mzee, nyamaza!" Kamanda akasema.

"Usininyamazishe kwangu. Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha. Nilikuwa nalia mpaka kioo kikaloa. Dakika mbili. Nikaukamata mkono wa Kamanda nikivute kidole chake kwenye mashine, nikaufikisha karibu kabisa, ndipo akanipiga. Kirungu cha mbao, mdomoni. Sikusikia maumivu mara moja, nilisikia tu meno yamekuwa changarawe. Nikaanguka juu ya taa, taa ikapasuka chini yangu. Akanipiga tena mbavuni, teke. Mzee akamrukia na mkasi wa kushonea, akampata begani, Kamanda akapiga yowe na kumtupa ukutani.

Bibi akalia, tii tii tii. Muda umekwisha. Sura imepanda.

*

Ndugu wa mlinzi hawakusubiri king'ora. Studio iko hatua mia mbili kutoka kwenye Ubao na wote walishapiga picha hapo. Tulisikia kelele kabla hatujasikia miguu. Mlango wa kioo ukaingia ndani wote kwa pigo moja. Wakamchukua Mzee Luvanda kwa miguu, wakamburuta juu ya vioo, kichwa kinagonga ngazi, moja, mbili, tatu, na damu ikaacha mstari mpaka barabarani. Kamanda alikuwa kakaa chini kashika bega.

Nikamnyakua Bibi kwapani. Nikakimbia.

Nilipita katikati ya watu kwa viwiko. Mtu akanipiga ngumi ya shingo bila hata kunijua. Nilipofika, Mzee alikuwa chini mbele ya Ubao na mguu wake ulishavunjwa, mfupa unaonekana, mweupe kama chaki. Juu yake sura yake mwenyewe inawaka, mvi zimekaa vizuri. Waya wa Ubao naujua, kila mwezi mimi ndiye ninayeupanguza vumbi. Nikachomeka Bibi na simu yangu, nikanyakua kipaza sauti cha matangazo.

"Subirini!" Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yanatoka na damu. "Subirini, nawaonyesha kitu! Kimoja tu!"

"Toka hapo, binti, tutakupiga na wewe!"

"Nipigeni baadaye! Angalieni Ubao!"

Nikaelekeza simu kwenye fungu la kabichi la mama muuza mboga, nikaitikisa, nikabonyeza. Ubao ukaonyesha ukungu wa kijani. Sekunde nane. Nazikumbuka zote, mipini iko juu, mtu mmoja anakohoa. Halafu kabichi zikageuka Mzee Luvanda.

Mtu akacheka. "He! Mzee kawa kabichi!"

Nikapiga picha ya ukuta. Mzee Luvanda. Nikapiga ya mbwa anakimbia. Mzee Luvanda, kijana, anakaribia kucheka. Kamanda Sanga alishafika, anapasua watu, kirungu mkononi, anapiga kelele kwamba nimerukwa na akili, nizimwe. Nikampiga picha anavyonijia. Ubao ukaonyesha bereti nyekundu, na chini ya bereti nyusi iliyokatika.

Hakuna aliyecheka tena.

Mpini mmoja ukashuka. Halafu mwingine. Mmoja wa ndugu wa mlinzi, kijana mrefu, akamwangalia Mzee pale chini, akaangalia mikono yake, akaanza kutapika. Nikaweka picha ya tanki, ile yenyewe, niliyoikaza kwa njia ya zamani tu. Kitu kirefu kimeinama. Kina koti.

"Hiki ndicho tunachokijua," nikasema. "Mtu mwenye koti. Hakuna zaidi. Hakujawahi kuwa na zaidi."

Wakamwachia Mzee. Akina mama wawili wakamfunga mguu kwa kanga. Alikuwa anapumua, nilimwona tumbo linapanda na kushuka. Alikuwa mzima! Nikadhani imekwisha.

Ndipo Lusungu akatoka kwenye watu. Bado alikuwa na nguo za jana, pindo limekauka damu ya mume wake.

"Na Danstan?" akaniuliza.

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni kwangu. Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Kamanda Sanga akanitikisia kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto. Ningeweza kusema ile picha ilikuwa na nukta nyingi. Ningeweza kusema sijui.

"Danstan pia," nikasema. "Mkato wa kwenye Ubao haukuwa wake. Ulitoka kwenye mashine. Na wale wawili wa kabla yake. Na nilipojua, leo, nilianza kuibadilisha sura ya leo iwe ya Zabroni mchoma mkaa. Niliianza kwa mkono wangu."

Nilisikia watu wanavuta pumzi, wote pamoja. Halafu wakanijia.

Sijui alinianza nani. Mpini ulinipata bega, mwingine kisogo, nikaenda chini na Bibi akakanyagwa, nikamsikia anavunjika. Nadhani waliokuwa wananipiga kwa nguvu kuliko wote ni wale waliokuwa wamempiga Danstan. Buti la Kamanda nililitambua kwa damu yake, lilikuja mara tatu. Mkono wa kulia ukalia kama kuni kavu. Nikasema basi, ndivyo inavyokuwa, ni mlio wa godoro kweli.

"Acheni!" Lusungu. "Acheni, nyie! Sheria yenu mmeisahau? Hamjampiga picha!"

Mipini ikasimama. Kweli, hawakuwa wamenipiga picha. Hakuna anayepigwa kabla sura yake haijapanda.

Akachuchumaa mbele yangu. Kutoka kifuani akatoa simu, simu ndogo ya kawaida, kioo kimepasuka kona. Akaishika kwa mikono miwili karibu kabisa na uso wangu, mpaka nikaona pete yake.

"Ya karibu," akasema. "Isiyohitaji kusafishwa na mtu."

"Na hao walioshika mipini jana?" nikamuuliza.

"Nitawapiga picha mmoja mmoja. Na yeye." Hakumwangalia hata Kamanda. "Leo sina haraka. Wewe wa kwanza."

Watu wakaanza kurudi nyuma. Mmoja akaweka mpini wake chini polepole, kama unaweza kupasuka.

Lusungu akabonyeza. Akaangalia, akakunja uso. Akanigeuzia kioo nione: doa la kahawia, doa jekundu, hakuna macho.

Damu ilikuwa inaniingia jichoni. Nikanyanyuka kwa kiwiko cha kushoto, nikageuza uso kwenye jua, upande ule mwanga unapokaa vizuri.

"Imetikisika, dada," nikamwambia. "Bana viwiko kwenye mbavu. Shika pumzi, halafu ndiyo ubonyeze."

Akabana viwiko. Akashika pumzi.